Mama Mkwe Chini ya Trakta

Hasira ndiyo iliyomwingiza Nelima chini ya trakta. Alikuwa nayo tele. Ameikusanya kwa miaka mingi, tangu siku aliporudi kutoka mtoni akakuta zizi tupu na chuma kikubwa chekundu kimesimama mahali pa ng'ombe.

Ng'ombe hao walikuwa wa mahari ya Seline, binti yake wa kwanza. Mume wake, Murunga, aliwauza kabla hata hawajazoea malisho, akanunua trakta kuukuu. Hakumwuliza mtu. Na angemwuliza nani? Hata shamba lenyewe lilikuwa limeandikwa jina lake. Mzungu aliyekuwa nalo, huku nje ya Eldoret upande wa Soy, aliuza na kwenda zake miaka michache baada ya uhuru, na vibarua wake, Wanandi na Waluhya, wakachanga wakalinunua na kuligawana. Nelima alikuwa amekamua ng'ombe wa mzungu huyo tangu Seline yuko mgongoni. Jasho lake lilikuwa katika kila senti ya Murunga. Lakini siku ya kuandikisha wanunuzi, wanawake waliambiwa wakapike chai.

Trakta ilifanya kazi msimu mmoja, ikafa. Murunga akaoa msichana mdogo, akahamia naye Turbo, akamwachia Nelima watoto na chuma kilichokufa. Nelima aliuza kuku, akauza viazi, akauza hata cherehani aliyokuwa akiipenda kuliko kitu chochote nyumbani, mpaka chuma kikanguruma tena. Akamwajiri Kipngetich, dereva wa Kinandi, kijana mpole anayejua kulima mistari iliyonyooka. Wakaanza kuwalimia majirani. Ada za shule zilitoka hapo, na sukari, na mabati ya nyumba.

Murunga aliposikia trakta imefufuka, alikuja na fimbo yake. Akasimama mbele ya kamati ya shamba na kusema, "Trakta ni yangu. Huyu mama nimemwachia aitunze tu. Lakini mwanamke hawezi kutunza mashini. Siku itakapolala msimu mzima kwa kuharibika, nakuja na mnunuzi. Mmesikia?"

Kamati walisikia. Wote walikuwa wanaume. Wakaitikia kwa vichwa, na neno likabaki hivyo: trakta ikilala msimu, imekwenda.

Basi Nelima aliitunza kama mtu anavyotunza mgonjwa. Kila baada ya muda Kipngetich aliipeleka mjini garajini kubadilisha oili, na Nelima alilipa bila neno. Mpaka ulipoingia mwaka wa sabini na nne. Redio ikasema kulikuwa na vita huko kwa Waarabu na mafuta yamefungwa. Sukari ikapanda, parafini ikapanda, lakini hakuna kilichopanda kama oili. Kila Kipngetich aliporudi kutoka mjini alikuwa na habari ile ile, ameivua kofia kabla ya kuisema.

"Mama, wamepandisha tena."

"Wamepandisha kwa nini? Wao ndio Waarabu?"

"Wanasema ni bei ya dunia."

"Waambie mimi sikai duniani, nakaa Soy."

Garaji hiyo ndiyo aliyokuwa akifanya kazi Shitanda, mume wa Seline. Mtu mwingine angeona ni bahati, kuwa na mkwe fundi. Lakini kwa watu wa Nelima, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai nyumba moja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, na heshima hiyo Nelima aliishika kwa mikono miwili, kwa sababu ilikuwa kitu kimoja ambacho Murunga hakuweza kukiuza. Kwa hiyo maneno kati yake na Shitanda yalipita kwa Seline.

"Mama, Shitanda anasema hiyo bei ni ya kweli," Seline alimwambia siku moja. "Na anasema usiache kubadilisha. Oili ikikaa inakuwa nyeusi kama lami, inakula injini."

"Atasema nini? Si hapo ndipo anakula?"

"Mama!"

"Wewe umeolewa na garaji, tetea garaji. Mimi nimeibiwa na wanaume tangu nizaliwe. Nawajua wakinikaribia, hata wakiwa wamevaa ovaroli."

Maneno hayo aliyasema kwa Seline, akayasema kisimani, akayasema kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Ikajulikana shamba zima kwamba Mama Seline anasema garaji ya mkwe wake ni ya wezi.

Mwezi wa tatu, mvua ikiwa karibu, Kipngetich alikwenda Kaptagat kumzika mjomba wake. Jumamosi walikuwa waanze kulima shamba la Jelagat, mama yake Kibet, jirani, na trakta ilikuwa imepitisha wakati wake wa oili.

"Ngoja nirudi, mama," Kipngetich alisema. "Ijumaa jioni nitakuwa hapa, tutaipeleka."

Nelima hakungoja. Alikwenda mjini, akanunua oili dukani, akarudi na debe kichwani. Mara mbili alikuwa amekaa kwenye benchi la garaji, siku ambazo Shitanda hakuwapo, akiangalia kwa mbali. Mtu analala chini, anafungua nati, oili inamwagika kwenye karai, anafunga nati, anamimina nyingine juu. Ndiyo hiyo kazi ya kulipisha mtu ng'ombe?

Alhamisi, wenzake walipokwenda kwenye mkutano wa kanisa, yeye alibaki. Alivaa ovaroli ya zamani ya Murunga na gumbuti zake za mpira, kwa sababu huwezi kulala chini ya trakta na rinda, akafunga kichwa kwa kitambaa, akatambaa chini na spana. Kulikuwa na giza huko chini na harufu ya udongo. Akapapasa tumbo la trakta mpaka mkono wake ukakutana na nati kubwa, huku nyuma karibu na magurudumu makubwa. Ilikuwa ngumu. Akaisukuma kwa mguu, ikalegea, na oili ikaanza kushuka.

Ilikuwa nzito na safi, rangi yake kama asali.

Nelima aliitazama ikijaa kwenye karai na moyo wake ukapanda kwa furaha kali, ile furaha ya mtu aliyekamata mwizi na kuku mkononi. Nyeusi kama lami, eh? Hii hapa, safi, mtu angeweza kujipaka! Miaka yote hiyo walikuwa wakimwaga oili nzuri na kumlipisha nyingine.

Oili iliyotumika haikutupwa siku hizo; hata ile ya garajini Kipngetich aliirudisha kwenye debe. Kila familia ilikuwa ikichimbia vigingi kuonyesha mpaka wa kipande chake, na mchwa wa huko hula kigingi kikavu katika msimu mmoja, isipokuwa kimepakwa oili. Mwenye trakta akimwaga oili majirani huja na makopo, na zamu hii ilikuwa ya Jelagat. Alisikia spana ikigonga, akaja na debe lake.

"Mama Seline! Ni wewe huyo? Jamani, nilifikiri ni Mzee Murunga amerudi!"

"Huyo akirudi utasikia mbwa. Lete debe."

Jelagat alichovya kidole kwenye oili, akakitazama. "Mbona hii ni safi hivi? Ile ya mwaka jana ilikuwa kama masizi."

"Ndiyo ujue tulikuwa tunaibiwa, Mama Kibet. Wanamwaga oili nzima. Labda ile nyeusi wanaitia masizi wenyewe ndiyo tuamini."

"Kweli?"

"Macho unayo. Si unaona?"

Jelagat akacheka, akatikisa kichwa, akabeba debe lake kwenda kwenye vigingi. Nelima alirudi chini kukaza nati. Alikuwa akiimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi, na kwa ajili ya huo wimbo hakusikia lango likifunguliwa.

"Kipngetich! We Mnandi! Umelala ama unafanya kazi?"

Wimbo ulimfia mdomoni. Ilikuwa sauti ya Shitanda.

Shitanda alikuwa amesikia kwa Seline kwamba Murunga anatafuta mnunuzi. Akaomba ruhusa kazini aje aikague trakta kabla ya kulima, na akachagua Alhamisi kwa sababu kila mtu alijua Alhamisi Mama Seline yuko kanisani. Habari za mazishi ya Kaptagat hakuzipata. Aliona ovaroli na gumbuti zimejitokeza chini ya trakta. Nani mwingine angekuwa huko?

Akaipiga gumbuti teke la mzaha. "Hujibu? Umekuwa mkubwa tangu ununue redio?"

Nelima alivuta miguu. Akaziba mdomo kwa mkono wenye grisi. Wazo lake lilikuwa moja tu, kwamba akinyamaza ataondoka.

Hakuondoka. Alichuchumaa kando ya gurudumu, akawasha sigara, na kuongea kama vijana wanavyoongea wakiwa peke yao.

"Sikia, nimekuja haraka kabla mama hajarudi. Seline anasema mama ametutangaza kisimani kwamba sisi ni wezi. Mimi sijali, mama ana haki ya kukasirika, yale aliyoyaona ni mengi. Lakini unajua mwenyewe ile trakta naifanyia saa ya chakula ndiyo bosi asimlipishe ufundi. Analipa oili peke yake. Usimwambie lakini. Akijua atakataa, nilivyosikia ana kichwa kigumu kama nati ya ... Hee! Kipngetich! Hii oili imetoka wapi?"

Alikuwa ameona tone lililobaki kwenye karai.

"Hii si ya injini. Hii ni ya giaboksi! Umelewa? Injini iko huku mbele, wewe umefungua nyuma! Ungemimina ile nyingine juu ya oili ya zamani, injini ijae mpaka kooni, halafu uende shamba na giaboksi kavu? Meno ya gia yangesagika kabla ya jioni. Ungemwulia mama trakta yake. Ungempa yule mzee mtaji! Sogea, nikuonyeshe."

Nelima aliona sigara ikitupwa, kisha magoti yakigusa udongo, kisha mkono. Kidogo tu tena, na uso wa mkwe ungekuwa mbele ya uso wake, wamelala wote wawili chini kama watu kitandani.

"Shitanda," alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Baba, usiingie. Ni mimi."

Mkono ukakauka pale pale.

"Mungu wangu," sauti ilisema. Kisha miguu ikakimbia. Ndoo ikapinduka, kuku wakapiga kelele, na lango likabamizwa.

Nelima alibaki amelala. Alijifunika uso kwa mkono wa ovaroli ya Murunga, na aibu ikampanda kutoka kwenye zile gumbuti mpaka kwenye nywele. Amepigwa teke na mkwe wake. Amevaa suruali mbele yake. Amesikia maneno yasiyopaswa kusikiwa, na kila neno lilikuwa la kweli. Afadhali angemtukana. Angekuwa na kitu cha kumrudishia. Lakini kijana yule alikuwa amekosa chakula cha mchana kwa ajili yake, naye alikuwa amemwita mwizi kisimani, kanisani na mbele ya mtoto wake mwenyewe.

Alitaka kulala huko chini mpaka giza liingie. Lakini giaboksi ilikuwa tupu, na Jumamosi haikuwa mbali, na huko Turbo kulikuwa na mtu anayengoja.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ua wa miiba ya kayaba. Haikuwa ikisema naye.

"Popi," Shitanda alisema. Popi alikuwa mbwa wa Nelima, amelala kando ya ua. "Popi, nisikilize. Hiyo oili ya nyuma mjini haipo wiki hii. Tumeambiwa tungoje gari la Nakuru. Kwa hiyo, Popi, hakuna kuimwaga. Lazima irudi yote ilikotoka, na ichujwe kwa kitambaa kizuri, kisichotoa nyuzi."

Mbwa akapiga mkia chini. Nelima alitambaa kutoka upande wa pili, akasimama na mgongo wake kwenye ua.

"Popi," alisema, "mwambie mtu huyo kwamba oili imekwenda kwenye vigingi."

Nyuma ya ua sauti ikajibu, "Popi, basi ifuatwe."

Hakuna safari aliyoiona ndefu kama ile ya kwenda kwa Jelagat. Hakuwa na muda wa kubadilisha nguo. Alipita kati ya mashamba akiwa na ovaroli iliyolowa, na waliokuwa wakisafisha mashamba waliacha majembe wakatazama. Jelagat alikuwa na kijiti chenye kitambaa, ameshapaka vigingi kadhaa, vinang'aa jua likivipiga.

"Mama Kibet, naomba ile oili."

"Oili gani? Si umenipa?"

"Nilikosea. Naomba unirudishie."

"Umeona mteja?" Jelagat alicheka. Kisha akamwona usoni, akaacha kucheka. "Mama Seline, ni nini?"

Nelima angeweza kutunga jambo. Lakini alikuwa ameyasema ya wizi kwa mdomo huo huo mbele ya mwanamke huyo huyo, na jua lilikuwa bado halijasogea.

"Hakuna aliyetuibia," alisema. "Nilifungua pahali si pake. Hiyo ilikuwa ya giaboksi. Mkwe wangu amenikuta chini ya trakta na hizi nguo. Sasa nipe oili, usiniulize kitu kingine, nitalia."

Jelagat alifunika mdomo. Hata Wanandi walijua mambo ya wakwe wa Kiluhya. Aliinua debe, akakikamulia kitambaa cha kupakia ndani yake mpaka tone la mwisho, akafuta kwa kidole hata ile iliyokuwa ikitiririka chini ya kigingi.

Akafuatana na Nelima mpaka nyumbani, wakaichuja kwa kitambaa cheupe cha kichwa ambacho Nelima alikivaa kanisani tu, maana nyumbani hakukuwa na kitambaa kingine kisichotoa nyuzi. Sauti iliendelea kutoka nyuma ya ua, kwa subira, ikimfundisha mbwa: kaza nati ya nyuma mpaka ikatae, mimina kwa juu, vuta kijiti cha kupimia. Jelagat akatazama kijiti. Imepita alama ya chini kidogo.

"Itatosha, Popi. Trakta ilime polepole mpaka gari la Nakuru lije. Sasa nenda mbele. Nati ni ndogo kuliko ile."

Nelima aliingia tena chini, mara hii mbele, akafungua. Oili ya injini ilimmwagikia mkononi ikiwa nyeusi ti, nyeusi kama lami, kama alivyoambiwa. Aliiacha itiririke kwenye kiganja, akaitazama. Jelagat alikuwa amesimama hapo hapo na aliiona pia, akageuza uso kumtazama kuku.

Kazi ilipokwisha, Nelima alisema, "Popi, mwambie asante." Lakini nyuma ya ua hapakuwa na mtu tena.

Jumamosi Kipngetich aliitia moto trakta, akasikiliza kwa muda, akainua kidole gumba. Walikuwa wamefika katikati ya shamba la Jelagat Murunga alipotokea, fimbo mkononi, na mwanamume wa Kitale mwenye koti la mvua. Habari alikuwa ameshazipata njiani kwenye duka la chai. Alikuwa akicheka hata kabla ya kufika.

"Yuko wapi fundi wetu? Ni kweli mkwe amekuvuta miguu? Hee! Nilisema mwanamke hawezi mashini, mkafikiri ni mdomo tu!"

Watu waliokuwa wakipanda mbegu nyuma ya trakta walisimama. Baadhi walicheka, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha. Nelima alitazama viatu vyake.

"Mzee Murunga," Jelagat alisema kutoka kwenye mtaro, mbegu zikiwa kwenye leso yake, "ulisema ikilala. Hii imelala? Trakta iko kazini shambani kwangu. Kama una haraka ya kuuza, uza hilo koti la rafiki yako."

Mtu wa Kitale aliitazama trakta ikigeuka mwisho wa mstari, akawatazama wenye majembe, ambao sasa hawakuwa wakicheka. "Mzee," alimwambia Murunga, "mimi uliniambia nakuja kununua iliyokufa." Akajifunga koti, akaelekea barabarani. Murunga alikaa kidogo akichora udongo kwa fimbo, kisha akamfuata.

Wiki iliyofuata Seline alikuja na blanketi jipya. Shitanda alikuwa amelituma, kama ilivyo desturi, la kumfunika mama aliyeonwa vibaya. Nelima alilipokea akiwa ameinamisha kichwa, akampa Seline jogoo ampelekee mumewe.

"Na nimwambie nini?" Seline aliuliza.

"Mwambie..." Nelima alianza, akashindwa. Alikunja blanketi, akalikunjua, akalikunja tena. "Wewe mpe jogoo. Akale mchana."

Kisimani alirudi kuteka maji kama kawaida. Wanawake wakinyamaza alipofika alijua walikuwa wakisema nini. Hakuacha kwenda. Siku moja, mbele yao wote, alisema kwamba garaji ya Shitanda haina wezi, kwamba yeye ndiye aliyewasingizia, kisha akajaza mtungi wake haraka na kuondoka, masikio yakimwaka moto.

Oili haikushuka bei mwaka huo, wala uliofuata. Nelima aliendelea kuibadilisha mwenyewe. Siku ya kazi hiyo aliifunga leso yake kwenye lango, ionekane toka barabarani, ili mtu yeyote mwenye heshima zake ajue asiingie. Shamba zima lilijua maana yake. Wakipita walisikika wakiambiana, "Leo Mama Seline yuko chini," na kicheko kikafuata, kidogo, cha kujizuia. Alikisikia kila mara, amelala kwenye udongo na spana mkononi, na kila mara uso wake uliwaka. Alingoja wapite, kisha akapapasa nati, ile ya mbele, akaifungua.